Solda ya Tochi ya Baba Nasra

Jumapili, alasiri. Mvua imenyesha asubuhi nzima hapa Ufukoni, sasa imekatika na jua limetoka kwa hasira, uani kunafuka mvuke. Baba Nasra amelala ndani na anakoroma bila aibu. Mimi niko mezani kwangu, kati ya redio mbovu na feni zisizozunguka, na nina furaha ya kijinga ambayo lazima niiandike kabla haijanitoka.

Shajara, wiki hii nimenunua solda mpya.

Najua. Wanawake wengine wanaandika habari za harusi na vitenge. Mimi naandika habari za chuma cha moto cha kuyeyushia risasi, hii risasi laini ya kuunganishia waya, si ile ya bunduki. Nivumilie. Habari yenyewe haiishii kwenye chuma.

Kama kuna mtu anaifungua shajara hii kwa mara ya kwanza: mimi ni fundi wa redio, feni na simu. Mume wangu Shaibu, ambaye namwita Baba Nasra kwa jina la binti yetu, ni mzamiaji. Samaki havui. Anatoa vitu vilivyozama: nanga, injini za boti, na safari moja pikipiki iliyoteleza kutoka kwenye mtumbwi pale Kilambo, watu wakivuka kwenda Msumbiji. Anazama kwa pumzi yake mwenyewe, kamba kiunoni na miwani usoni. Na anahitaji tochi mchana kweupe, kwa sababu maji ya Ruvuma kule chini karibu na bahari ni tope tupu. Ukishuka kidogo tu, mkono wako mwenyewe huuoni.

Tulijuana kwa ajili ya redio aliyoiokota chini ya maji. Akaniletea, inatoa mchanga na ina kaa mdogo ndani. Nikamwambia, kaka, hii imeshakufa. Akasema, "Ijaribu tu." Kesho yake akarudi kuniuliza inaendeleaje, utadhani ni mgonjwa amelazwa kwangu. Akarudi na keshokutwa. Redio haijapona mpaka leo, na yeye ndiye huyo anakoroma chumbani.

Sasa, mwezi uliopita alirudi nyumbani na nundu kwenye paji la uso. Akasema amejigonga mlangoni. Mlango upi wa kumtoa mtu nundu ile? Siku hiyohiyo dada yake Somoe, wifi yangu tunayekaa naye ua mmoja, akaropoka wakati tunapepeta mchele. Tochi ilizima akiwa chini, katikati ya magogo ya mikoko yaliyozama na wavu wa mtu. Akapapasa. Akapanda juu bila kujua juu ni wapi, akaja kugonga kichwa kwenye tumbo la mtumbwi.

Nililia mbele ya Somoe, kisha nikaenda kumgombeza mwenye nundu yake. Nikamwambia maneno mengi, na la mwisho lilikuwa hili: siku nikiishika tena hiyo tochi, siirudishi.

Baada ya hapo sikuiona tena. Kila nikiuliza ananijibu, "Nzima hiyo, Mama Nasra, wala usihangaike nayo." Wazamiaji wenzake wananiletea zao nizitengeneze, ya kwake haiji. Nikajipa moyo kwamba labda kweli ni nzima.

Jumanne nikaenda nyuma ya nyumba kuchukua mkaa. Pembeni ya jiko kulikuwa na msumari mrefu, mweusi kwa kuchomwa, na kwenye ncha yake imeganda risasi. Risasi yangu! Ile ambayo ilikuwa inapungua mezani na mimi nikawasingizia panya. Panya wa wapi wanaokula risasi, jamani? Halafu nikakumbuka vidole vya Baba Nasra. Vilikuwa vimebabuka na kupata madoa meusi, na kila mtu wa huku anaijua alama hiyo: ni mafuta ya maganda ya korosho. Lakini sisi mwaka huu hatujabangua hata korosho moja.

Nikaenda moja kwa moja kwenye mfuko wake wa kazi. Nikaitoa tochi, nikarudi nayo kwenye mkaa, nikaifungua.

Loo!

Pale waya unapoingia kwenye kibati kinachobeba balbu, kulikuwa na donge la risasi la kijivu, limekunjamana kama ugali uliokaukia kwenye sufuria. Halikushika chochote. Limekaa tu juu juu, ukiligusa kwa kucha linacheza. Na ule mpira wa duara unaozuia maji yasiingie ameupaka mafuta ya korosho mpaka umevimba, umelegea, hautoshi tena kwenye njia yake. Nikaelewa kabisa alivyofikiri. Mitumbwi inapakwa mafuta hayo na mbao zake zinadumu majini, kwa nini tochi isipakwe? Mtu wa mjini asingeliwaza hilo. Ni mume wangu tu, na wanaume wenzake waliokulia kwenye mitumbwi na mikorosho.

Nilicheka peke yangu uani. Kisha kicheko kikageuka, nikakaa chini pale pale kwenye mkaa.

Maana nilielewa na jambo jingine. Huyu mwanamume ana mke fundi ndani ya nyumba, na amekuwa akijifichaficha na msumari nyuma ya jiko, anajiunguza vidole, kisha anashuka kwenye matope na donge lile. Yote hayo kwa sababu aliniogopa mimi na lile neno langu.

Nikiri kitu, kwa kuwa hapa ndipo pa kukiri. Nilifikiria kuificha. Nililiangalia gunia la makopa jikoni, nikaona kabisa tochi ingeingia katikati ya mihogo ile mikavu na asingeipata mpaka mwakani. Niliibeba hadi mlangoni mwa jiko. Ndipo nikajiuliza, akiikosa atafanya nini? Atashuka bila tochi. Namjua.

Aliporudi nikamwekea vitu vitatu mkekani: tochi, msumari, na kichupa cha mafuta ya korosho nilichokikuta kwenye mfuko ule ule. Akavitazama. Akakaa.

"Ungeichukua," akasema.

"Ningeichukua."

"Basi ndiyo hivyo."

Baadaye akaniambia kuna mzee mmoja wa Kilambo injini yake imeanguka mtoni, na boti ile ndiyo inayomlisha yeye na watoto wa marehemu dada yake. Ameahidi kwenda Jumamosi. Kisha akasema jambo ambalo hajawahi kuniambia kwa miaka yote tuliyokaa. Akasema, "Na mimi nikiwa chini kule nasikia raha, Mama Nasra. Sikufichi. Naogopa, lakini nasikia raha."

Nilikasirika kwa sababu nilimwelewa. Mimi nami nikiwa nimeinamia redio ya mtu, moshi wa risasi unanipanda puani, ukiniita siitiki. Ningekuwa mnafiki kumwambia aache.

Nikamwambia haya: kama ni kushuka utashuka, lakini utashuka na kazi ya mikono yangu, si ya msumari. Akainama akaucheka msumari wake.

Ila hapo kulikuwa na tatizo, na tatizo lilikuwa langu. Solda yangu ya zamani ni nyembamba, ncha yake kama sindano, haina pa kuongezea moto. Kwa simu na redio ni sawa. Kwa tochi za wazamiaji inanitesa. Kile kibati cha balbu kimetengenezwa makusudi kinyonye joto ili balbu isiungue. Ukikigusa na solda dhaifu, kinalinyonya joto lote, risasi inaganda kabla haijashika, na wewe unazidi kukandamiza na kukandamiza mpaka unaunguza kila kitu kilicho karibu. Tochi za wengine nilikuwa nazifanya hivyo hivyo kwa kuvizia, naipasha solda mpaka nahisi itayeyuka yenyewe, na nikiona sijaridhika narudia. Hii sikutaka kuifanya kwa kuvizia.

Alhamisi nikaenda mjini, Somoe akanisindikiza. Njia nzima ananisema. "Wenzio wakipata nafasi ya kwenda dukani wanarudi na kitenge, wewe wifi yangu unarudi na vyuma. Kaka yangu alioa mhunzi." Nikamwambia kaka yako alioa mtu wa kumtoa kwenye misumari, ashukuru.

Muuzaji alinitazama mara moja akasema, "Dada, mwambie fundi aje mwenyewe achague."

Somoe hakunipa hata nafasi ya kufungua mdomo. "Fundi ndiye huyu, kaka. Mimi ndiye niliyembebea mkoba."

Masikini, aliona haya, na tangu hapo akawa ananiletea kila kitu alichonacho. Kwanza alileta ile kubwa yenye umbo la bastola, unabonyeza inachemka hapo hapo. Akasema ndiyo inayotoka sana. Naamini. Ni nzuri kwa kuziba sufuria na rejeta za magari. Kwenye tochi ya Baba Nasra ingekaanga ngozi ya waya na kubandua njia za shaba kwenye kibao chake. Nikaishika, nikaupenda uzito wake, nikairudisha.

Ya pili ilikuwa ya gesi, haina waya. Hii nilitamani, maana Kilambo kule mtoni huna pa kuchomeka kitu. Akaiwasha. Nikaipulizia, ikazima. Akaiwasha tena, nikaipulizia tena. Somoe akasema, "Wifi, umekuja kununua au kuzima mishumaa?" Lakini upepo wa mtoni haumbembelezi mtu, na mimi sitaki chombo ninachokiombea dua kisizime.

Ya tatu ndogo kama kalamu, inatumia chaja ya kubebea ya simu. Jamani ilivyo nzuri! Rangi yake ya bluu, ina kifuniko, nusura nianguke. Nikatoa kwenye mkoba kibati cha tochi ya zamani iliyokufa, ambacho nilikwenda nacho makusudi, nikamwambia niwashie nijaribu.

"Ukiijaribu umeshainunua," akasema.

"Basi hesabu kwamba kati ya hizi nimeshanunua moja. Tutajua ni ipi."

Alicheka, akaniwashia. Ile ya bluu ilikigusa kibati ikapoa kama imetiwa maji. Risasi ikakaa donge, la kijivu vile vile, ndugu yake na lile la msumari. Nikaiaga kwa huzuni.

Niliyoichukua haina uzuri wowote. Nene, mpini mweusi, ina kitufe cha kuzungusha cha kupandisha na kushusha moto, na ncha zake zinabadilishwa. Muuzaji akataka kunipa ncha ya sindano, eti kazi ndogo, ncha ndogo. Hapo watu wengi wanakosea. Nikachukua ncha pana, bapa kama bisibisi, kwa sababu ncha pana inagusa eneo kubwa, inaingiza moto wote kwa mkupuo, risasi inayeyuka, unatoka. Kinachoua vitu ni kukaa sana. Nikajaribu kwenye kibati changu: nikagusa, nikalisha risasi, ikatambaa na kulala bapa, inang'aa kama kijiko kipya. Muuzaji mwenyewe akasema aah.

Nikaongeza risasi nzuri yenye dawa ndani yake, spiriti ya kusafishia, mipira mipya ya duara na kichupa cha grisi nyeupe ya silikoni. Kitenge sikununua. Somoe bado analitangaza jambo hilo ua mzima.

Ijumaa alipotoka msikitini nikamwambia Baba Nasra akae mezani kwangu anishikie tochi kwa koleo, na asiseme neno. Mtu mzima yule, mabega kama mlango, alikaa kwenye kistuli changu kidogo akashikilia kitochi na kubana pumzi kana kwamba tayari yuko majini. Nikamwambia pumua, huku ni nchi kavu. Kwanza betri nikaitoa nikaiweka mbali, maana betri za aina hii hazitaniwi na moto. Nikaling'oa donge lake. Nikasugua kibati kwa mswaki wa zamani na spiriti mpaka shaba ikaonekana. Nikagusa, nikalisha, nikatoka. Waya nyekundu. Kisha nyeusi. Nikazivuta kwa nguvu zangu zote, hazikusogea.

Akaomba ajaribu. Nikampa kibati cha chakavu, nikamshika mkono, vile vidole vyake vilivyobabuka chini ya vyangu, nikamwonyesha pa kugusa na pa kusubiri. Ya kwanza mbaya. Ya pili mbaya. Ya tatu ikang'aa, akanigeukia na uso ambao sijauona tangu Nasra alipozaliwa. Nikampenda upya, niseme tu. Lakini kwenye tochi yenyewe sikumruhusu aguse.

Kisha tukaweka mpira mpya na grisi yake, tukaifunga tupu bila betri, tukaizamisha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Hewa ya ndani ikipata joto inatafuta pa kutokea, kwa hiyo kama kuna upenyo utaona mapovu. Tulikaa tumeliinamia beseni, vichwa vinagusana. Hakuna povu. Somoe akapita akauliza tunatazama nini kwenye maji matupu, tukamjibu kwa pamoja, "Hakuna kitu!" na tukacheka mpaka akatuona wendawazimu.

Jana tukaenda Kilambo. Sijawahi kwenda naye kazini. Siku zote nilisema nina kazi nyingi, na kweli huwa ninazo.

Mto ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa. Mzee mwenye injini alitupokea kwa heshima mpaka nikaona aibu, akaniita "mwanangu" na kunitandikia kanga yake ya kukalia ndani ya mtumbwi. Watu wengine walikaa kwenye mtumbwi wa pili na pondo zao, wanaangalia mamba wasisogee. Walikuwa wanazungumzia bei ya mihogo huku wanaangalia mamba. Mimi niliyaangalia maji tu.

Baba Nasra akavaa miwani. Akasema bismillahi, akawasha tochi, akashuka.

Niliiona kama duara la njano. Likawa la kahawia. Halafu likapotea.

Nikamgeukia Mfaume, mwenzake anayeshika kamba, nikamwambia imezima. Akasema haijazima, shemeji, hata ikiwa nzima haionekani kutoka huku juu, ndiyo maji yalivyo. Hakuna aliyewahi kuniambia hilo. Nilitengeneza kitu na sasa kipo kazini, na mimi sina njia ya kujua kama kinawaka. Mfaume akanipa kamba niishike pamoja naye. Ikaenda kushoto. Ikatulia. Niliishikilia ile kamba, nikawa naomba tu, maneno hata siyakumbuki.

Ikavutwa kutoka chini.

Alitokeza mbali kidogo na nilipotarajia, anahema, anacheka. "Iko! Imelala juu ya tope, nimeiona yote!" Akaogelea hadi ubavuni mwa mtumbwi, akanipa tochi niishike wakati anapokea kamba nene ya kufungia injini. Kwenye jua lile huwezi kujua kama tochi inawaka. Nikaifunika kwa kiganja. Nyama ya kiganja changu ikawa nyekundu.

Inawaka.

Kisha akanyoosha mkono aipokee. Alipaswa kurudi chini kufunga injini. Na mimi nikawa nimeishika.

Sikupanga. Mkono tu ulikataa kufunguka. Yule mzee alinitazama, Mfaume alinitazama, hata wale wa mamba waligeuka. Baba Nasra alijua. Angeweza kuichukua, mkono wake ulikuwa karibu kabisa. Hakuichukua. Alikaa kwenye maji yale ya chai, kiganja wazi juu ya ubao wa mtumbwi, anahema taratibu, ananingoja. Angeningoja mpaka maji yakupwe.

Nikampa.

"Uirudishe," nikasema.

"Nitairudisha."

Injini ilipanda imejaa tope na majani, na mzee yule alilia wazi wazi, na tukala kwake wali na kamba wa mtoni. Yote hayo ningeyaandika kwa urefu siku nyingine yoyote. Leo nataka kuandika jambo moja tu.

Jana tuliporudi nyumbani, nilijua atautupa mfuko wake pembe ile ya siku zote na kwenda kuoga. Hakwenda. Akiwa bado na tope masikioni alikuja mpaka mezani kwangu, akasogeza redio ya watu pembeni, akaiweka tochi mbele yangu.

"Ikague, mke wangu."

Ndipo akaenda kuoga.

Nimeifungua leo. Ni kavu. Risasi inang'aa, waya hazichezi, mpira umekaa mahali pake. Nimeipaka grisi kidogo, nimeifunga. Woga haujaniisha, na sidhani kama utaniisha. Lakini akiamka ataikuta pale pale alipoiweka, na akiiomba nitampa.